Pacha Wako Bado Anarusha

Wasswa,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha vipimo vya moyo. Kato, pacha wako, yuko ndani. Miaka mingi ya uandishi wa habari nimesimama nje ya milango kama huu nikisubiri habari za watu wengine. Leo nasubiri za mtu wetu.

Tangu tuliage jeneza lako, timu yetu ya besiboli imeendelea. Ijumaa, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, walinzi wenzako wa kampuni bado wanakwenda kwenye kile kiwanja cha vumbi nyuma ya gereji, kule mtaa wa viwanda, Industrial Area. Gongo lako la kupigia mpira bado limezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Kato amechukua nafasi yako ya mrushaji. Na sheria yako sasa wanaishika kama wosia: anayeanza kurusha ndiye anayemaliza, hata wakizidiwa vipi.

Unakumbuka ulivyotusimulia ule mchezo wa zamani wa Marekani, timu moja ikapigwa ishirini na tisa kwa nne? Tumekaa kwenye ngazi za kambi ya wafanyakazi na chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, nawe unasema, "Mzee wa Habari, besiboli haina saa. Mwamuzi hawezi kukuokoa kwa filimbi. Unapigwa mpaka mwisho, na kesho unarudi." Nilicheka. Nikakwambia huo si mchezo, ni kifungo.

Sasa sicheki.

Ulipoanguka na mpira mkononi, daktari alisema ni moyo, kasoro uliyozaliwa nayo. Niliinua macho nikamwona Kato kando ya kitanda: pua yako, mabega yako, ule mkono wa kushoto. Wasswa na Kato; kwenu majina tu yanatosha kutangaza mapacha. Tangu siku hiyo namtazama kama mtu anayetazama ufa kwenye ukuta wa chumba anacholala.

Nilimwomba akapimwe. Akakataa. "Mzee, wakikuta kitu, kampuni inanikatia tiketi ya kurudi nyumbani. Watoto wa Wasswa na wangu watalishwa na nani?" Hofu yake ilikuwa na sababu kama yangu.

Ijumaa iliyopita tulicheza na Wafilipino wa hotelini. Sisi tulikuwa na pointi moja. Wao walikuwa wamepita ishirini. Jua lilikuwa limegoma kushuka. Wenzetu walipiga kelele, "Kato, usimwaibishe Wasswa!" Mwingine akadakia, "Wape na chai kabisa, si wamekuwa wageni wetu!" Watu wakacheka. Kato naye akacheka, kisha akafanya kile ulichofanya wewe kabla ya kuanguka: akavua kofia, akasugua kifua kwa kiganja, taratibu, kama anayetafuta kitu mfukoni.

Kazi yangu ni kukaa nje ya mstari. Niliuvuka.

"Mzee wa Habari, toka uwanjani!" Ni Kato mwenyewe. Nilimfikia, nikamwambia kwa sauti ya chini jambo ambalo hukutusimulia. Nilikuwa nimezitafuta taarifa za mchezo ule, unazijua tabia zangu. Walioshindwa hawakumwacha mtu mmoja arushe mpaka mwisho. Walibadilisha warushaji. Yule wa kwanza alipumzishwa mapema. Ndiyo maana kesho yake walikuwepo watu wa kurudi uwanjani.

Alinitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka. Akauliza, "Wasswa alijua?"

Nikasema sijui. Na kweli sijui, ndugu yangu. Akaniwekea mpira kiganjani, umelowa jasho, akaenda kukaa kivulini. Pembeni hakuna aliyecheka tena. Jioni, kwenye basi, bila kunitazama, alisema, "Haya. Nitakwenda. Lakini twende wote."

Ndiyo maana niko hapa. Nimejaribu kujiambia kwamba ni mzima, lakini sina ushahidi, na bila ushahidi siandiki.

Pumzika, mrushaji. Zamu yako umeimaliza, na sheria yako nimeivunja mimi. Lawama iwe yangu. Ahadi yangu ni hii tu: habari yoyote itakayotoka humo, Kato hataisikia peke yake. Wakimkatia tiketi, nitambebea begi hadi uwanja wa ndege. Wasipomkatia, Ijumaa nitakaa naye kivulini, mwingine arushe.

Kitasa kinageuka. Nasimama.