Mama Amekula Ming'oko

Temeke, Jumamosi asubuhi, 7 Agosti 1954

Baba Jovina,

Wali na mchuzi wa papa viko chini ya kawa. ~~Mbakizie mama.~~ Kula vyote, mama yako ameshiba.

Ulipotoka tu kwenda kazini alifunga mzigo, akasema anarudi Bukoba, mji huu hauna chakula ila nazi. Siku nne nampikia, siku nne anasukuma sahani. Nililia jikoni. Jirani yetu Rosalia akanisikia, akaja na bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini alivyoletewa kutoka kwao Newala. Akamwamkia mama, akaketi mkekani, akamenya na kula mwenyewe. Hakubembeleza mtu.

"Mwaka wa njaa, hii ndiyo ilitulea," alisema.

Mama akachukua mmoja. Halafu mwingine. Bakuli likaisha!

Mie ningebembeleza mpaka kesho. Yule mwanamke ana akili, Baba Jovina.

Tumekwenda kwake, mama anataka kujua inavyochemshwa. Kuku wape maji. Na usimtanie akirudi. Mama keshamwita Rosalia "mwanangu". Mie bado ni "mke wa Kamugisha". Lakini sasa hivi, tunapotaka kutoka, ameniambia, "Nishike mkono, twende."

Mama Jovina