Omondi Kwenye Kiti cha Kushoto

Jumanne.

Na mimi nilidhani ni madharau tu! Mwezi mzima Omondi, dereva wangu mkongwe wa mbio za rally, amekataa kukaa kando ya Mutheu, dereva aliyejiunga juzijuzi, amsomee kona za njia kutoka daftarini. "Hiyo kazi ya kusomea watoto sitaki, bosi." Leo nikamlazimisha.

Kwenye mazoezi, katika vumbi la Mutuini, akasoma "kulia", barabara ikakata kushoto. Mutheu akafunga breki, gari likanusurika kidogo tu kuingia mtaroni.

Nikamfokea Omondi. Akaninyooshea daftari. "Mbali naona poa. Hii maandishi ndiyo sioni."

Miaka tisa namsimamia na sikujua.

Kesho nampeleka akapimwe miwani. Jumamosi kwenye mashindano siogopi mtu. Nikitoka gereji, Mutheu alikuwa sakafuni akiandika kona zote upya, kwa herufi kubwa kama za bango.