Mashine Haitujui

Jumatatu, 4 Machi

Baba mdogo, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima. Nakuandikia kwa simu bila baba kujua. Tangu mgombane hataki utajwe hapa maabara ya hospitali, lakini mashine uliyotujengea mfumo wake umezeeka, na wezi wa mtandaoni wameanza kuupapasa. Nimepakua msimbo mpya wote wa mfumo, niujenge mwenyewe kama ulivyokuwa ukifanya. Majibu ya damu ya wagonjwa wote yamo humo. Naogopa.

Mwanao

Jumanne, 5 Machi

Marahaba, mwanangu. Mgongo ni ule ule, kazi yake kulalamika. Kwanza nakili mafaili ya mipangilio kwenye flashi. Jenga mfumo wote, kisha weka kiini peke yake, ile sehemu inayoamsha mashine, uwashe upya. Kikiamka salama, ndipo uweke mengine. Mwishoni mashine itakuuliza faili kwa faili: nibadilishe? Soma kabla ya kujibu. Faili la watumiaji, lenye majina yenu, usikubali libadilishwe. Na baba yako mwambie.

Baba mdogo

Ijumaa, 8 Machi

Shikamoo, baba mdogo. Samahani, sina hata nafasi ya kukujulia hali. Kiini kiliamka vizuri, nikajiona fundi. Maswali yalipozidi nikawa najibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sasa mashine haimjui mtu, si mimi si baba. Wodini kuna mama anasubiri kupasuliwa na majibu yake yamo humu. Baba amesimama mlangoni, anauliza nani kanituma.

Mwanao

Ijumaa hiyo hiyo

Tulia. Faili jipya limefuta watu wote, limebaki na mkuu wa mfumo, naye hana neno la siri. Yaani mlango uko wazi kwa yeyote. Chomoa waya wa intaneti kwanza. Andika root, ndilo jina la huyo mkuu, neno la siri liache tupu, bonyeza enta. Rudisha faili la zamani kutoka kwenye flashi. Ulinakili, sivyo? Baba yako mwambie ni mimi.

Baba mdogo

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu, mmefanikiwa kuingia? Nijibu hata neno moja.

Baba mdogo

Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu, pole na mgongo. Mtoto aliniachia kiti, nikakaa mimi kwenye kibodi, yeye akinisomea maneno yako. Alikuwa amenakili. Majina yote yamerudi, na lako limo. Sikuwahi kulifuta, niliwadanganya watu tu kwamba nimelifuta. Yule mama kapasuliwa, anaendelea vizuri.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Waya wa intaneti bado tumeuchomoa. Tunakusubiri uje uuchomeke mwenyewe.

Kaka yako