Jiwe Lenye Jina la Mama

Alhamisi, Dodoma. Upepo wa kiangazi umeamka na vumbi lake, hata uji una mchanga. Mtoto amelala. Mimi hata kukaa siwezi.

Bwana mpimaji, yule Mjerumani ambaye mimi ni mkalimani wake tangu reli ilipokuwa bado kamba na vigingi, ana ndugu kwao Ulaya anayetazama nyota kwa darubini. Ndugu huyo ameona jiwe kubwa kama mlima, linalizunguka jua kama dunia yetu inavyolizunguka. Mwenye kuliona ndiye hulipatia jina, na wao hupenda majina ya wanawake. Basi majina yamewaishia. Akamwomba bwana jina la huku, bwana akaniomba mimi. Nikasema Nyemo, jina la marehemu mama yangu, aliyeondoka mwaka wa njaa. Nilijiona mtu kwelikweli!

Juzi bwana akaniambia jina limekubaliwa. Nikamuuliza jiwe lenyewe hukaa wapi. Akasema halikai popote, huzunguka tu kwenye baridi na giza, milele.

Juzi hiyohiyo mke wangu akajifungua binti. Tangu hapo ni kilio, titi hataki. Na mtoto asiyenyonya tunajua anakokwenda.

Kwetu Wagogo mtoto wa namna hiyo anadai jina. Huitiwa marehemu mmoja baada ya mwingine, na jina atakalonyamazia, basi huyo ndiye aliyerudi. Leo asubuhi shangazi yangu alisimama mlangoni mwa tembe, uso kauelekeza makaburini, akawaita wafu wa upande wetu, kisha wa upande wa mke wangu. Wapi! Jina la mama alilirudia kuliko yote, maana ndiye tuliyemtazamia. Mtoto akalia hadi sauti ikamkauka.

Mimi nilijua kwa nini.

Niliona aibu, nikaona na hofu, hofu ikashinda. Nikatoka uani, nikainua uso kwenye jua kali, nikaita, "Mama! Nyemo! Rudi nyumbani."

Kilio kikakatika.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mke wangu alicheka huku machozi yanamtoka, na mtoto akanyonya kama aliyetoka safari ya mbali. Shangazi peke yake hakupiga kigelegele. Alinifuata uani, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mama yako tulimzika pale. Mbona umemwita huko juu?"

Nikampita, nikaingia ndani. Mpaka sasa ananitazama tu.

Nimemshika binti yangu miguu. Ni ya baridi, na jua lote hili. Nimemfunika kaniki, nikaongeza na koti langu la kazini. Bado ni ya baridi. Mke wangu anasema watoto wachanga ndivyo walivyo, niache kuwatia watu wasiwasi.

Huenda ni kweli. Lakini lile jiwe halikai popote. Huyu aliyeitika, je, atakaa?