Macho ya Mama na Alama ya Mnyama

Mengo, Kampala,
4 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Josias,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo huko Kanada? Kile kifua kilichokusumbua kimepona? Sisi hatujambo. Bado natembeza vitenge Nakasero, na mwanangu Bénit yuko darasa la sita.

Barua nimempa Olivia wa kwaya, anayesafiri kuja huko, akuletee, kwa sababu simu ni moja, na kila sauti unayotuma mama anaisikiliza mpaka anaikariri. Hapo ndipo penye hasira yangu, kaka. Nimekasirika kweli.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anamtambua Bénit kwa sauti tu. Daktari amekubali kumpasua bure mwezi ujao, ila wanataka kadi ya mkimbizi, na ya mama muda wake umekwisha. Kuipata mpya ni kuweka vidole kwenye mashine na kupigwa picha ya macho. Tulisimama foleni tangu asubuhi. Zamu yetu ilipofika, mama alikunja ngumi akazificha ndani ya kitenge.

"Miye siwezi kupana vidole yangu kwa ile mashini," akasema. "Ni alama ya mnyama wa Ufunuo. Josias alishakataza."

Tukarudi nyumbani.

Unahubiri kwamba Bwana yu karibu, mama atamwona katika utukufu. Sawa. Mimi nataka amwone mjukuu wake mwezi ujao. Mara mbili umetutajia mwaka wa mwisho wa dunia, na mara mbili mwaka umepita mimi nikiwa hapa hapa nafua nguo. Hata vita vya kwetu Kongo, kule Beni, unaviita dalili. Waliochoma nyumba yetu ni watu, wengine nawajua kwa sura. Ukisema ni dalili, basi hakuna wa kuulizwa.

Usidhani nimeacha imani. Nasali kila siku. Yesu ninayemsoma mimi aliwafungua vipofu macho, hakuwaambia wangoje.

Tena wewe! Siku ya viza yako nilikungoja nje ya ubalozi nimekushikia koti. Ulitoka unacheka, ukaniambia wamechukua vidole vyote kumi. Wiki tatu baadaye ukapanda ndege. Mama hajui hayo. Wewe umeshafika, ndipo mnyama akaja kwa mama?

Mtumie sauti kabla ya tarehe ishirini, tutakaporudi foleni. Mwambie ulitoa vidole, na mwambie ulikosea kumkataza. Anakuamini kuliko anavyoniamini mimi, na sioni wivu. Usipomwambia, nitamwambia mwenyewe, hata kama atalia.

Msalimie sana wifi Kavugho na watoto. Bénit anakusalimu, na jirani yetu Mushagalusa pia. Mama hajakutumia salamu kwa kuwa hajui nimeandika.

Mungu akulinde, kaka, akupe ujasiri wa kumwambia mama yetu ukweli angali hai.

Dada yako akupendaye, hata leo,

Darlène