Kwa Mjukuu Wetu, Aliyewasalimu Wagonjwa Kwanza

Hivi mjukuu wangu, mke mwenzangu, unajua bado kuna watu wanasema ile kazi ndiyo iliyokuua?

Wanasema sokoni, wanasema kwenye misiba ya watu, wanasema hata mlangoni kwangu wakidhani uzee umeniziba masikio. "Angebaki kule kwenye duka la vitambaa, leo tungekuwa naye." Nimewasikiliza mwaka mzima. Leo mwaka umetimia tangu ututoke, na sasa ni zamu yangu mimi bibi yako kusema. Nasema gazetini ili wasome wote.

Baba yako alitaka tangazo hili liwe na mistari mitatu. "Mama, andika alifariki kwa ajali ya barabarani, inatosha. Habari za ambulensi ziache." Nikamwambia, wewe nimekuzaa mimi, na kalamu ninayo mimi. Uchungu wake naujua. Siku tuliyokuzika aliapa kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayepanda gari lile, na tangu hapo mdogo wako amekuwa mtu wa ndiyo na hapana tu. Siku moja nilimkuta anafunga bendeji kwenye mguu wa kiti. Nikarudi nyuma kimyakimya, sikumuuliza kitu. Atasema mwenyewe akiwa tayari, ndivyo nilivyowaza.

Basi wacha nikukumbushe ulivyoanza, na wengine wasikie.

Sare yako ya kwanza ilikuwa kubwa. Tulikunja miguu ya suruali mara mbili, nikaishona kwa mkono. Viatu vilikuwa vipya, vinalia kila hatua. Ukajitazama kwenye kioo cha kabati, ukaniuliza, "Bibi, nafanana na mtu?" Nikakwambia unafanana na askari aliyepotea njia. Ulicheka mpaka ukachelewa kutoka.

Wiki ile ile ukarudi umenuna. Dereva wenu, yule mzee mnayemwita Taratibu ingawa anaendesha kama anafukuzwa, alikuwa amekukaripia. Kila ulipofika kwa mgonjwa ulipiga magoti na kuanza, "Jamani pole, pole sana." Akakuvuta pembeni. "Binti, pole yako inatisha watu. Mtu hajaguswa, ameshaanza kujitafuta amevunjika wapi. Msalimie kwanza. Akikujibu, umejua anapumua, umejua ulimi si mzito, umejua akili ipo. Pole utampa baadaye, ipo tele."

Tangu hapo ukawa mtu wa salamu. Ulipanda ghorofa nne na mkoba wa dawa mgongoni, pumzi huna, na bado ulianza na, "Shikamoo, mzee. Mimi ni mjukuu wako wa gari la wagonjwa. Naomba mkono." Na watu waligomba kweli! Yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alikufokea mama yake akiwa amelala sakafuni: "Mtu anakufa, wewe unaamkia? Umekuja kuposa?" Mama yake akajibu, "Marahaba, mwanangu," kwa mdomo uliokwenda upande mmoja. Kwa jibu hilo moja ulijua ni kiharusi, ukawaambia wapishe njia. Yule mama yupo. Huja kwangu na fimbo yake, na kila akija namuuliza, mwanao bado anagomba?

Halafu ikaja siku ya mwalimu mkuu mstaafu, aliyeanguka bafuni. Ulimwamkia, hakujibu. Mlikandamiza kifua chake dakika arobaini, mkipokezana wewe na Taratibu, na hakurudi. Ulifika nyumbani adhuhuri, ukakaa jikoni na viatu vyako miguuni, ukanyoosha mikono juu ya meza. "Bibi, angalia. Bado inasukuma." Ukasema huendi tena, kesho unarudi dukani.

Sikukubishia. Nilikuwekea sinia la mchele, tukaanza kutoa mawe, wewe upande wako, mimi upande wangu. Tulipofika karibu na katikati ukasema, "Mke wake aliniuliza kama aliumia sana. Sikujua."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sikumwacha peke yake hata kidogo."

Nikakwambia, hilo dukani kwenu haliuzwi. Asubuhi nikiwa bado kitandani nikasikia viatu vyako vinalia, vinaelekea mlangoni.

Ulifanya kazi mwaka mmoja na miezi minne. Ulizalisha mtoto kwenye lifti iliyokwama, ukarudi na damu kwenye mikono ya shati na meno yote nje. "Bibi, kuanzia leo niite mkunga wa ghorofa ya pili na nusu!" Ulijifunza kula haraka, kulala ukiwa umekaa, na kulia bafuni maji yakiwa yanatiririka, ukidhani sisikii. Nilikuwa nasikia. Uliponyamaza nilipasha chai.

Siku ya mwisho ilikuwa saa sita mchana, barabara kavu, jua kali. Mwendesha pikipiki alikuwa ameanguka, na wewe ulikuwa umepiga magoti kando yake. Lori likaingia kwenye kona kwa kasi, likapita vibao vya tahadhari mlivyopanga. Yule wa pikipiki alipona. Alikuja kutuona kwa magongo, akasema, "Aliniuliza habari za mchana. Nilikuwa namjibu."

Sasa wale wa sokoni na wa mlangoni wanisikilize. Mjukuu wangu aliuawa na mtu aliyekimbiza lori kwenye kona. Mtajeni huyo. Mbona huyo hamumtaji? Sare nimeifua, nimeipiga pasi, nimeitundika sebuleni mbele ya macho ya kila mgeni. Inayemkera ahamie kiti kingine. Haitoki.

Tunakukumbuka mimi bibi yako. Mama yako, ambaye bado anakuachia taa ya barazani. Baba yako fundi seremala, aliyelitengeneza jeneza lako kwa mikono yake na hataki tuliseme. Na Taratibu, ambaye siku hizi anaendesha taratibu kweli. Tukiwa hai, na wewe umo mioyoni mwetu, hutoki.

Amebaki mdogo wako. Leo asubuhi mezani nilimuuliza nimwandikeje hapa. Baba yako alikuwepo, anapaka siagi kwenye mkate. Nikasubiri na kalamu yangu. Kisha mdogo wako akakiweka kikombe chini.

"Bibi, usiandike mdogo wake tu," alisema. "Andika kwamba na mimi nataka kusomea kazi ya ambulensi. Fomu ninayo tangu mwezi wa pili." Akamgeukia baba yako. "Baba, nakuheshimu. Lakini nataka kwenda."