Kitufe cha Kihaya

Bukoba,
Jumamosi jioni.

Tata mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute hapo Kamachumu ukiwa mzima, goti limetulia, na mama, Mae wetu, bado anakukataza kuinama kibanjani nawe bado humsikii. Mimi ni mzima, mafua tu. Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu anayekupigia simu kila jioni, lakini haya nisingeweza kuyasema kwa mdomo.

Unamkumbuka Rwekaza, mwenzangu wa ofisini. Tata, yule bwana ana kichwa! Tunatengeneza tovuti ya chama cha wakulima wa kahawa, na yeye ndiye aliyeunda sehemu inayowezesha kila ukurasa usomeke kwa Kiswahili, Kiingereza au Kihaya, kwa kubonyeza kitufe tu. Kila lugha ina kisanduku chake cha kuandikia. Kisanduku kikiwa kitupu, msomaji anapewa Kiswahili, kama unavyoazima akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, kwa jirani ili mgeni asikose cha kutafuna.

Kujaza Kihaya ilikuwa kazi yangu. Nilijigamba kwamba nakijua. Wiki mbili nzima, kila aliyebonyeza kitufe cha Kihaya alipata Kiswahili, na maskini Rwekaza akahangaika siku mbili akitafuta kosa katika kazi yake. Kosa halikuwepo. Visanduku vyangu vilikuwa vitupu, nami nikanyamaza. Mwenyekiti wa chama, Mama Klaudia, akatuambia kwamba wakulima wazee wa Nshamba wasiporidhika na Kihaya chetu, kitufe hicho kitaondolewa. Hapo ndipo nilipoanza kujaza.

Alhamisi tulikwenda Nshamba. Rwekaza akaweka kompyuta juu ya meza ya ghala, nami nikasoma kwa Kihaya jinsi ya kuchuma, kuanika na kuchambua kahawa. Mzee mmoja, Bartholomayo, akanikatiza na kuuliza maneno yale nimeyatoa wapi, maana anayeongea hivyo ni mtu mmoja tu duniani: Mwalimu Rweyemamu wa Kamachumu, aliyemvisha kibao shingoni darasa la tatu kwa kosa la kuongea Kihaya shuleni. Nilipokiri kwamba huyo ni baba yangu, ghala zima lilicheka mpaka Mama Klaudia akafuta machozi. Kitufe kinabaki.

Tata, nisamehe. Kila jioni nilipokuuliza wazee walisemaje juu ya kahawa iliyochumwa mbichi, nawe ukanijibu kwa Kihaya, nilikuwa nakukumbuka, ndiyo, lakini pia nilikuwa naandika. Mpaka Alhamisi ile, sifa zote ofisini nilizipokea mimi. Ulitukataza Kihaya nyumbani ili tufaulu mitihani, na kweli tulifaulu; ila nimefika umri huu bila kujua kwamba baba yangu anakiongea vizuri kiasi hicho. Hilo limeniuma, na limenifurahisha.

Rwekaza nimemwambia yote, pamoja na zile siku zake mbili. Nilitegemea anune. Alicheka, akavuta kiti, akaongeza mstari chini ya kila ukurasa wa Kihaya: Maneno ya Mwalimu Rweyemamu, Kamachumu. Mtu wa namna hiyo utampata wapi?

Msalimie sana Mae, na majirani wote wanaoniulizia. Mzee Bartholomayo naye anakusalimu. Anasema Jumapili ijayo, misa ikiisha, atapita hapo nyumbani na kibao alichokichonga mwenyewe, na safari hii ni zamu yako.

Tata, akifika, tafadhali kivae.

Binti yako akupendaye,
Joanitha